Neno la Kwanza ni la Serikali

Nchi ninayoisimulia haipo wala haijawahi kuwapo, na mtu yeyote atakayesema anaifahamu aulizwe na wakubwa wake amezipata wapi habari zake. Mimi nimeishi humo maisha yangu yote na sijaona tatizo.

Katika nchi hiyo wizi ulikoma siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Mkuu wa Nchi alisimama uwanjani, akafuta midomo kwa leso, akatamka: "Kuanzia sasa, wizi basi." Tukapiga makofi. Ndege za jeshi zikapita juu yetu zikimwaga moshi wa rangi, na mizinga ikapigwa. Wezi wenyewe hawakualikwa kwenye sherehe, kwa hiyo habari zilichelewa kuwafikia, na mpaka leo wapo ambao hazijawafikia. Jioni ileile viti vya wageni mashuhuri viliondoka uwanjani pamoja na turubai. Redio ikatangaza kwamba viti vimehamishwa kwa usalama wake.

Sasa, kama wizi umekoma, doria ya nini? Swali hilo aliliuliza mtu mmoja wa mtaani kwetu, mtaa wa Shwari, kwenye mkutano wa hadhara, na Mtendaji wetu, Bwana Ligunda, alilijibu vizuri sana. Alisema mgonjwa akipona huendelea kumeza dawa mpaka zimalizike. Kisha akamteua muulizaji papo hapo kuwa mlinzi wa kujitolea. Kwetu mtu hujitolea pale anapotajwa jina. Akatajwa, watu wakashangilia, akawa amejitolea.

Mtu huyo ni mimi, Shomvi. Mchana ni fundi magodoro: nayafumua, nachambua sufi, najaza upya, nashona. Ni kazi inayomzoesha mtu kufunga mdomo, maana ukiufungua, sufi inaingia. Siku ile niliufungua mara moja tu.

* * *

Kamanda wa Hiari wa mtaa wetu aliitwa Ngwale. Zamani alikuwa mtangazaji wa mechi kwenye uwanja wa shule, na alipoacha kazi alirudisha kipaza sauti lakini sauti hakuirudisha. Alinikabidhi fulana iliyoandikwa SALAMA mgongoni, filimbi, tochi na rungu. Rungu lilirudi ofisini baada ya kupigwa picha, lisije likapotea. Sikuuliza litapoteaje katika nchi isiyo na wizi. Nilikuwa nimekwisha kujifunza.

"Tochi hii, Bwana Shomvi," alisema Kamanda, "unajimulika usoni."

"Mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe. Mwananchi akutambue, asipate hofu. Ukimmulika mtu mwingine, maana yake unamshuku. Na kumshuku mtu katika nchi isiyo na wezi ni kuitukana nchi."

Basi nikawa natembea gizani nimejimulika uso, sioni hata ninapokanyaga, ila mimi naonekana na kila mtu. Njia ya doria ilitangazwa kila jioni kwa kipaza sauti, ili watu wajiandae: leo tutaanzia kwa muuza mkaa, tutapita nyuma ya mashine ya kusaga, tutamalizia kwenye kalvati. Watu walijiandaa. Hata wale wengine walijiandaa, na kusema kweli sijawahi kuona watu wanaoheshimu ratiba kama wao. Tukiwa kwa muuza mkaa, wao wako kwenye kalvati. Hatukuwahi kugongana.

Amri ya tatu ilikuwa ya kizingiti. Mlinzi wa kujitolea haruhusiwi kuvuka kizingiti cha nyumba ya mtu, kwa sababu akikivuka bila mwenyewe kujua atakuwa hana tofauti na mwizi, na wezi hawapo, kwa hiyo na yeye hatakuwepo. Hilo sikulielewa vizuri lakini niliitikia.

Ila kiini cha kazi yenyewe tulifundishwa na Mtaalamu kutoka Wizara ya Utulivu. Alikuja na gari lenye pazia, akatuweka darasani, akasema:

"Ndugu walinzi! Taifa hili limekalia hazina bila kujijua. Wataalamu wetu wamezunguka nchi nzima wakiwasalimu watu, na wamegundua jambo la kutisha kwa uzuri wake. Mwananchi wetu, ukimuuliza habari, anasema nzuri!"

Akanyamaza ili tushangae. Tukashangaa. Lakini ni kweli, ndivyo tulivyo. Mtu wa kwetu nyumba yake inaungua, ukipita ukamuuliza za hapa, atakuambia nzuri, kisha ndipo atakuomba ndoo. Ukiingia msibani ukauliza habari, utaambiwa salama tu, ila baba ametutoka. Kuanza na baya ni kukosa malezi. Baya linakuja nyuma, taratibu, baada ya neno "ila".

"Kwa hiyo," akaendelea Mtaalamu, "neno la kwanza la mwananchi ni jema siku zote. Na neno la kwanza ni la Serikali. Hayo yanayofuata baada ya 'ila' ni mazungumzo ya watu binafsi, na Serikali yetu sikivu haiingilii mazungumzo ya watu."

Tukapewa soda, tukatawanyika.

* * *

Kazi ikawa hivi. Tunafika mlangoni, Kamanda anapaza sauti: "Salama?" Ndani wanaitikia: "Salama!" Tunakwenda nyumba ya pili. Aliyelala anaulizwa mpaka aamke, kwa sababu usingizi si jibu. Asubuhi Kamanda anakwenda ofisini kwa Bwana Ligunda, anasimama wima, anasema: "Shwari salama." Na Bwana Ligunda naye anapiga simu wilayani kusema hivyohivyo, mpaka neno letu linafika juu kabisa likiwa halina doa.

Kulikuwa na zawadi pia. Mtaa ambao nyumba zake zote zingeitika salama kwa masika yote, bila hata nyumba moja kukosa, ungeletewa bomba la maji. Sisi wa Shwari maji tulikuwa tunayafuata bondeni, kwenye dimbwi wanakooshea magari ya taka. Kina mama walikuwa wanaamka kabla ya jogoo kwenda kuyawahi yakiwa yametulia, tope limekaa chini. Kwa hiyo usidhani watu waliitika kwa kuogopa tu. Waliitika kwa kiu.

Nami sikuona ubaya wowote. Kila nyumba tuliyopita ilikuwa salama. Salama, ila kuku wamebebwa wote. Salama, ila kijana amechomwa kisu kwenye paja, mnaweza kutusaidia toroli? Kamanda alikuwa anageuka likishatoka neno la kwanza, na mimi namfuata. Mwanzoni yale ya nyuma yalikuwa yananisumbua nikilala. Baadaye yakaacha. Sijui yalikwenda wapi. Nilikuwa kama mtu aliyelalia mkono wake, anauona ni wake lakini hauhisi.

* * *

Nyumba ya jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ilikuwa ya Bi Somoe. Alikuwa mjane, fundi cherehani, hana mtoto wala mjukuu wa kukaa naye. Aliwashonea nguo za shule watoto wengi wa mtaa ule, mimi nikiwamo, na mama yangu alipokufa ni yeye aliyekuwa ananipelekea chakula dirishani bila kusema neno, anaweka sahani anaondoka.

Wale wengine, wanaoheshimu ratiba, walianza kwake na mlango.

"Salama?" akapaza Kamanda.

"Salama," akaitika Bi Somoe, "ila mlango wangu umeng'olewa na bawaba zake."

Tukaenda nyumba ya pili. Haukupita muda, tukasikia: "Salama, ila bati za upande wa jikoni zimekwenda." Kisha kitanda. Kisha sufuria, na mvua inanyesha ndani. Walikuwa wanamla polepole, kwa sababu walijua kila mlinzi anapopita na kila mlinzi alivyo, uso tunaumulika wenyewe. Kilichobaki cha maana kilikuwa cherehani chake cha miguu, cha chuma, kizito. Alikuwa amekifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya nyumba, na analala chini, pembeni yake, ameshika mnyororo.

Usiku mmoja Kamanda akauliza kama kawaida. Kisha Bi Somoe akasema, tena kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mtoto:

"Si salama."

Kamanda alisimama kama aliyekanyaga msumari.

"Bi Somoe, nimekuuliza salama?"

"Nami nimekujibu. Si salama."

"Mama, labda hukunisikia. Salama?"

"Nimekusikia, baba. Mtaa mzima unakusikia. Si salama."

Kamanda akanigeukia. Hakukuwa na amri yoyote juu ya jibu hilo. Mtaalamu hakulitaja, kwa sababu halikuwepo. Akapuliza filimbi, mbwa wakabweka, akaipuliza tena, kisha akaona hajui anayempulizia ni nani, akaiweka mfukoni. Tukakaa pale kwenye matope mpaka akasema labda turudi nyuma tuanze upya kutokea kwa muuza mkaa. Tukaanza upya. Jibu likawa lilelile.

* * *

Mkutano uliitishwa asubuhi yake. Bwana Ligunda alivaa tai.

"Ndugu wananchi wa Shwari," alisema, "tumepatwa na msiba. Kuna mtu miongoni mwetu hajui kusalimia."

Watu wakamtazama Bi Somoe. Alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani, kidole cha shahada kina sugu ya sindano. Mama mmoja mwenye ndoo akasimama, akasema kwa uchungu kabisa, na simlaumu:

"Bi Somoe, wewe ni mkubwa wetu, tunakuheshimu. Lakini mgongo wangu umekwisha kwa yale maji. Neno moja tu! Sema salama, kisha useme yako yote unayotaka, nani atakuzuia? Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Yangu nimeyasema sana, mwanangu," akajibu Bi Somoe. "Mlango nimesema, bati nimesema. Nimeona hayafiki. Labda hili litafika."

"Litafika wapi? Litatufikisha sisi bondeni!"

Wizara ikamleta tena Mtaalamu, aje amfundishe Bi Somoe kuitikia; akiitika vizuri, lile jibu lake baya lingefutwa na bomba lingekuja. Alikaa naye barazani mchana kutwa, chini ya pale palipokuwa na bati, jua linawawakia wote wawili. Nilikuwa nashona godoro upande wangu wa ukuta, nikawasikia.

"Tuanze na silabi, bibi. Sa."

"Sa."

"La."

"La."

"Ma."

"Ma."

"Hongera! Sasa tuunganishe. Bibi, usiku wa leo, salama?"

"Hapana," akasema Bi Somoe. "Mwalimu, neno hilo nilifundishwa na mama yangu sijaota meno. Kulitamka naweza. Nitalitamka siku nikiwa nalo."

Mtaalamu aliandikia Wizara kwamba mwanafunzi ana kichwa chepesi ila ana tatizo la kuchanganya lugha na hali. Nilicheka peke yangu. Kisha kicheko kikaisha nikabaki nimeshika sindano.

* * *

Tulipopita kwake usiku ule, sikuwa nikitegemea jipya. Mvua ilikuwa imekatika. Kamanda alikohoa, akajikaza, akaita kwa sauti ya chini, ya mtu aliyekwisha kukata tamaa:

"Salama?"

"Salama!" likatoka jibu ndani, haraka, tena kwa nguvu.

Ilikuwa sauti ya mwanamume.

Kamanda Ngwale alinikumbatia. Nakwambia, alilia. "Ameitika!" akasema. "Mama wa watu ameitika! Bomba hilo linakuja, Shomvi!"

"Kamanda," nikasema, "Bi Somoe hana sauti ile."

"Ana mafua. Amelowa siku zote hizi, nyumba haina bati."

"Anaishi peke yake, Kamanda. Hiyo ni sauti ya dume zima."

"Neno la kwanza limesema nini?"

"Limesema salama."

"Basi!"

Mlango haukuwepo. Palikuwa na pazia la kitenge tu, hatua chache mbele yangu, na nyuma ya pazia nikasikia chuma kinaburutwa na mnyororo unakwaruza sakafu. Nikasikia pia kitu kama mtu anayeongea na kitambaa mdomoni. Tochi ilikuwa usoni pangu. Nikafikiria kuigeuza. Nilifikiria kweli, mkono ulishaanza. Lakini miguu yangu ilikuwa kwenye kizingiti, na nilikumbuka amri, na Kamanda akanishika bega akisema tumechelewa kwa ratiba. Nikamfuata. Sikuhisi kitu. Nataka hili lieleweke: sikuogopa, sikuhuzunika, nilikwenda tu nyumba ya pili, nikasikia salama, nikaenda ya tatu.

Asubuhi Bi Somoe alikutwa amefungwa kwa futi yake ya kupimia, mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Cherehani hakikuwepo. Nguzo ya nyumba nayo walikuwa wameing'oa na mnyororo wake.

* * *

Bi Somoe alifunguliwa mashtaka ya majibu mawili. Bwana Ligunda alilifafanua jambo hilo kwa subira mbele ya watu. Usiku, walinzi wawili wa kujitolea walisikia nyumba ile ikiitika salama. Asubuhi, mwenye nyumba anadai ameibiwa na kuvunjwa mkono. Mtu hawezi kuwa salama na kuvunjika kwa usiku mmoja. Kwa hiyo jibu moja ni la uongo, na kwa kuwa la usiku lilikwisha kupokelewa na Serikali, la uongo ni la asubuhi. Adhabu yake ni kuhamishiwa Kituo cha Utulivu, huko nje ya mji nyuma ya machimbo ya kokoto, ambako hukaa raia wanaopunguza usalama wa wenzao. Waliokwenda huko hawajarudi kulalamika. Nyumba yake ingetunzwa na ofisi ya Mtendaji.

Ila sheria ina huruma, akasema. Waziri wa Utulivu mwenyewe atakuja kufungua bomba, na kabla ya kulifungua atamsikiliza shahidi mmoja. Shahidi akisema sauti ile haikuwa ya mshitakiwa, shauri litakufa, mama atabaki kwake, na uchunguzi utaanza. Shahidi alikuwa ni Kamanda au mimi. Kamanda alikuwa ana kazi ya kuongoza tarumbeta.

Nilimkuta Bi Somoe kwake, amekaa juu ya kinu, mkono umefungwa mbao.

"Shomvi," akasema, "ile sauti uliisikia?"

"Niliisikia, mama."

"Ilikuwa yangu?"

"Haikuwa yako."

"Basi useme hivyo tu. Sikuulizi kwa nini hukuingia. Hilo ni lako na Mungu wako. Nenda ukaseme sauti haikuwa yangu. Hapa nilizika mume, hapa nimekaa, huko kwenye kokoto nitakwenda kufanya nini na mkono huu?"

"Nitasema, mama."

"Uanze nalo," akasema. "Lisije nyuma."

Hapo kidogo kitu kiliniuma, mahali palipokuwa pamezoea kutouma. Niliona aibu. Nikaenda nyumbani, nikasimama mbele ya magodoro, nikajizoeza. Mheshimiwa, sauti haikuwa yake. Mheshimiwa, sauti haikuwa yake. Niliyaambia magodoro mpaka koo likakauka, na usiku nikamwambia mke wangu aniamshe niseme tena. Akaniamsha, nikasema sawasawa.

* * *

Waziri alifika na msafara mrefu kuliko mtaa wenyewe, hata gari la mwisho lilibaki mtaa wa pili. Bomba lilikuwa limefungwa utepe. Watu wote wa Shwari walikuja na ndoo na madumu, wamevaa nguo za sikukuu. Bi Somoe alikaa kwenye kiti cha peke yake, karibu na karandinga la kumpeleka kituoni, ambalo lilikuwa limekuja mapema ili lisichelewe hukumu.

"Wananchi wa Shwari!" Waziri alinguruma. "Wapo watu wa nje wanaosema maji ni uhai. Sisi tunawaambia, salama ndiyo uhai, maji ni zawadi! Nimepita nchi nyingi. Nimekuta watu wana mabomba mpaka chooni, lakini ukiwauliza hali, wanakueleza hali! Hawana malezi! Nikarudi nyumbani nikambusu mke wangu, nikamuuliza habari, akaniambia nzuri. Nikasema, alhamdulillahi, nimefika kwetu."

Makofi. Kamanda Ngwale akapunga fimbo, tarumbeta zikalia kidogo zikanyamaza.

"Sasa, Serikali hii haimwonei mtu. Shahidi aje mbele. Nimsikilize mwenyewe kwa masikio yangu."

Nikaenda. Nilikuwa nimevaa fulana ya SALAMA, kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Bi Somoe aliniinulia uso. Maneno yalikuwa yamekaa mdomoni tayari, la kwanza mbele, la pili nyuma yake, kama nilivyoyapanga. Waziri akashuka jukwaani, mtu mkubwa vile, akanifuata mpaka nilipo, akanipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono ilikuwa laini na ya moto. Akanitazama machoni kama ndugu.

"Bwana Shomvi," akasema. "Habari za hapa?"

"Nzuri, mheshimiwa," nikasema.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mdomo ulikwenda wenyewe. Nilikuwa bado najiuliza nani kasema wakati Waziri anawageukia watu, mkono wangu kaunyanyua juu.

"Mmesikia wenyewe!"

"Neno la kwanza limepokelewa," akasema Mtaalamu kando yake.

"Ila, mheshimiwa," nikasema, "sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume. Nilikuwa mlangoni, nilisikia mnyororo ukiburutwa. Alikuwa amezibwa mdomo. Mheshimiwa, sauti haikuwa yake."

Nilisema yote. Mtu asije akasema sikusema. Tarumbeta zilikuwa zimeanza, lakini Waziri aliniinamia sikio, akanisikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Pole sana," akasema. "Inasikitisha kweli. Endelea tu, tuko mimi na wewe, haya ni mazungumzo yetu."

Akanipigapiga begani, akaenda kukata utepe.

Bomba lilikohoa, likatoa upepo, likatoa tope jekundu, kisha yakaja maji. Meupe. Watu walipiga kelele nyingine kabisa, si ile ya makofi. Yule mama mwenye mgongo alipiga magoti akanywa kwa viganja, analia. Ndoo ziligongana, watu wakasukumana, na pale penye kiti cha Bi Somoe hakuna aliyekuwa anatazama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekuja na ndoo. Mke wangu aliishika, akanionyesha foleni.

Nikaenda kwenye karandinga badala yake. Walikuwa wamekwisha kumpandisha, amekaa kwenye benchi la chuma, mkono wenye mbao umelala mapajani, na mkono mzima umeshika mfuko wa plastiki wenye nguo. Nilitaka kumwomba radhi na sikujua radhi ya namna hiyo inaanzia wapi. Nikashika ukingo wa gari. Nikasema linalosemwa na mtu anayemkuta mkubwa wake.

"Shikamoo, mama."

Bi Somoe alinitazama. Hakuwa na hasira. Ningeiona hasira ningeijua. Alinitazama kwa utulivu kama anayepima kitambaa, akafunga mdomo wake, akageukia mbele.

Dereva akawasha gari. Nikasema tena, kwa sauti, labda hakusikia kwa ajili ya injini. Likaondoka taratibu likipita katikati ya watu wenye ndoo, wakalipisha, nami nikalifuata nikitembea, kisha nikikimbia na fulana yangu ile, mpaka barabara kubwa. Nina miaka yote hii, nimewaamkia wazee wagonjwa, wazee walevi, wazee waliokuwa wamegombana na baba yangu, na wote waliniitikia. Nilisimama pale barabarani mpaka vumbi likatulia, nasubiri marahaba yangu.